Pamba Shavuni

Uso wangu ulianza kuwasha msimu wa kuchuma pareto, yale maua ya dawa ya wadudu tuliyolima milimani juu ya Mbeya, katika miaka ya hamsini. Kwanza kope zilivimba, kisha mabaka mekundu yakatanda mashavuni. Mama mkwe aliyatazama kwa muda, akamtoa mwanangu mchanga kifuani pangu.

"Shangazi yangu alianza hivi hivi," alisema. "Walimpeleka kwa wakoma, mtoto wake tukabaki naye sisi."

Tangu hapo alimlisha uji. Mimi nilikaa upande wa pili wa moto, maziwa yakinichuruzika, nikimsikiliza akilia.

Tuliteremka hospitali mjini, yeye mbele na mtoto mgongoni, mimi nyuma kwa mbali. Mganga aliniita ndani, akanisogeza dirishani, akaniambia nifumbe macho. Angenigusa kwa pamba, nami nionyeshe kwa kidole kila palipoguswa.

"Baka la ukoma huwa na ganzi," alisema. "Halisikii kitu."

Laiti asingelitaja neno hilo. Nilifumba macho, nikaonyesha shavu la kulia, kisha la kushoto, kisha kipaji cha uso.

"Mama," alisema, "mkono wangu bado uko mfukoni."

Mgonjwa aliyesubiri mlangoni akacheka. Nilidhani kwa uongo ule nimejihukumu mwenyewe.

"Tuanze upya. Usinisaidie kazi."

Safari hii nilingoja. Kimya kilizidi, nikaamini ananigusa na ngozi yangu imekufa. Mara kitu chepesi kama nzi kikatua chini ya jicho. Nikaonyesha. Kikatua kidevuni. Nikaonyesha. Alipojaribu kwa ncha ya sindano, niliruka.

"Unasikia kote. Shambani unachuma nini?"

"Pareto."

"Na jasho unafuta kwa kitu gani?"

Nikamwonyesha viganja.

"Basi ni hayo maua. Ngozi za watu wengine hazipatani nayo." Alinipa dawa ya maji ya kupaka, rangi ya waridi, akanikataza kuchuma.

Alitoka mwenyewe kumweleza mama mkwe. Mama mkwe alifungua mbeleko taratibu, macho usoni pangu, akaninyooshea mtoto kwa mikono iliyokakamaa.

"Mnyonyeshe. Lakini shavu lisimguse."

Nilimnyonyesha palepale barazani, uso nimeugeuzia ukutani. Hata mimi nilikuwa bado sijaamini.