Pini ya Gurudumu la Kushoto

Kule karakana walimwita Tone, maana hakuna bawaba wala beringi iliyopita mikononi mwake ikakosa tone la mafuta. Alikuwa koplo, mwaka wa kumi na mbili jeshini, na kazi yake haikuwa ya kupigwa picha: kupaka grisi, kubadili oili, kukaza nati, halafu kutia sahihi kwenye kadi ya matengenezo ili lori, tela au jenereta iruhusiwe kwenda porini. Wenzake walimtania kwamba hata mchumba akija, atamkagua magoti kwanza.

Jumamosi hiyo asubuhi alikuwa nyuma ya nyumba anafua ovaroli. Msafara wa mazoezi ulikuwa umeondoka saa moja iliyopita: malori sita na tela la maji. Lori lililovuta tela aliliendesha shemeji yake, mume wa dada yake. Tone akageuza mfuko wa kifuani, kitu kikadondoka kwenye beseni, kikalia ti. Akakisaka kwenye povu. Ilikuwa pini ya kuzuia nati ya gurudumu, mpya, miguu yake miwili imenyooka.

Pini ikishatiwa hupindwa miguu. Hii haikuwahi kuingia popote.

Alisimama maji yakimchuruzika viwikoni, akaikumbuka Alhamisi kipande kwa kipande. Alikuwa amefungua gurudumu la kushoto la tela, akaosha beringi, akaishindilia grisi mpya, akarudisha nati. Pini akaitia mfukoni isipotee. Papo hapo akaitwa mbio, jenereta ya zahanati imezima. Aliporudi baada ya saa mbili alikuta kifuniko cha kitovu, pale katikati ya gurudumu, kimeshafungwa. Bila shaka mwenzake mmoja wa karakana alikiona chini, akakigonga kikaingia, akidhani anasaidia. Tone akaamini amekifunga mwenyewe. Akatia sahihi.

Bila pini, nati hujifungua kidogo kidogo gurudumu linavyozunguka. Na njia ya kwenda mazoezini iliteremka mlima kwa kona saba, upande mmoja mwamba, upande wa pili hakuna kitu. Gurudumu likichomoka pale, tela lililojaa maji lingelivuta lori mpaka chini.

Mfereji wa maji machafu ulikuwa hatua tatu tu kutoka aliposimama. Pini yenyewe ndogo vile. Gurudumu likitoka, watu watasema dereva alikimbiza gari. Wazo hilo lilimpitia, na baadaye lilimtia haya kuliko kosa lenyewe. Akavaa kandambili, akakimbia.

Sajini wa karakana alikuwa mtu wa maneno machache. Ilisemwa hata saa ya ukutani humwamkia. Tone alimkuta mezani.

"Afande, tela la maji limeondoka bila pini. Gurudumu la kushoto. Sahihi ni yangu."

Sajini aliitazama ile pini kiganjani mwake, bado ina povu. "Una hakika?"

"Nina hakika, afande."

Hakumfokea, na hilo lilimtisha zaidi. Alichukua kofia akaelekea chumba cha redio, Tone nyuma yake.

Mpiga redio aliita mara tano, mara kumi. Ukarudi mngurumo mtupu. "Mlima umewaziba," alisema. "Huko hatusikiki."

"Endelea kuita," Sajini alimwambia. Tone akaambiwa asubiri nje.

Alikaa kwenye benchi chini ya dirisha la chumba cha redio. Hapo ndipo dada yake akatokea, anatoka zahanati, amebeba mfuko wa dawa.

"Mdogo wangu, mbona umelowa hivyo? Na uso kama wa mtu aliyeletewa habari za msiba."

"Nasubiri majibu ya kazi, dada."

Dada akaketi, akaanza kumsimulia jinsi mumewe alivyoondoka amenuna kwa sababu ya sweta. Lilikuwa halijakauka. "Atapigwa baridi huko, halafu lawama zangu." Tone aliitikia kila neno. Sikio lake moja lilikuwa dirishani. Dada alipoondoka, alishindwa hata kunyanyua mkono kumuaga.

Mara redio ikakwaruza, ikajibu.

"Simamisha msafara," ilisikika sauti ya Sajini. "Tela lisisogee hata hatua moja. Fungueni kitovu cha gurudumu la kushoto."

Dakika kumi zikapita. Kisha sauti ya shemeji: "Nati imeshalegea mizunguko minne, afande. Kitovu kinaunguza mkono."

"Mko wapi?"

"Kona ya kwanza. Ndiyo tulikuwa tunaanza kuteremka."

Tone akateleza kutoka benchini, akakaa kwenye vumbi.

Walitia pini ya akiba wakaendelea na safari. Wiki iliyofuata Tone alivuliwa ukoplo na kunyimwa ruhusa ya kutia sahihi kwa miezi sita. Mwenzake aliyefunga kifuniko alipewa onyo. Sajini aliandika kwenye taarifa kwamba Tone alijileta mwenyewe, na mstari huo mmoja ndio uliomwepusha na jela.

Shemeji aliporudi, Tone alikwenda kwao, akamweleza dada yake kila kitu mbele ya mumewe, ambaye alikuwa hajamwambia mkewe lolote.

"Nilikaa na wewe pale benchini nakusimulia sweta," dada alisema polepole. "Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, dada."

Dada akaingia chumbani, akafunga mlango. Shemeji alimsogezea Tone kiti.

"Kaa kwanza," alisema. "Hata mimi nilimficha. Kila nikifumba macho naiona ile kona."

Tone akakaa. Dada hakutoka siku ile, na ulipita mwezi mzima kabla hajabisha hodi kwa mdogo wake.