Salamu Iliyoonekana Kichwani mwa Mzee Masima

Siku yangu ya kwanza kazini walinivua viatu. Vilikuwa viatu vipya, nimevinunua kwa ajili ya kazi hiyohiyo. Afisa Usalama wa Mionzi, mwanamume mrefu asiyecheka ovyo, aliviweka kabatini, akanipa ndala za mpira za humo ndani, koti jeupe na beji ndogo ya kubandika kifuani.

"Beji hii inapima mionzi inayokufikia, mama. Usitoke nayo wala usiingie bila yake."

"Mbona hiyo mionzi yenyewe siioni?"

"Ndiyo maana tumekupa beji," akasema, akaenda zake.

Nimestaafu sasa, nakaa Kizota, Dodoma. Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kazi hii na vyeti vyenu, mjue ilivyofanyika wakati wetu. Someni taratibu. Mimi mwenyewe niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitasema kila kitu kwa maneno ninayoyaelewa, na nisichokielewa sitakisema.

Mimi ni Mgogo wa Gulwe. Kabla ya Dodoma nilihudumia mifugo Mpwapwa, kulisha, kuogesha, kukesha na ng'ombe anayezaa. Siku moja nikaambiwa kuna kituo cha utafiti Dodoma kinatafuta mtu mwenye mkono mtulivu kwa wanyama. Nikafikiri ng'ombe. Nilipofunguliwa mlango wa chumba cha wanyama nikakuta panya weupe, kila mmoja na tundu lake, wananiangalia kwa macho mekundu.

Nyumbani shemeji yangu alifurahi wiki nzima. "Mgogo gani huyu? Wenzake wanachunga ng'ombe, yeye anachunga panya! Mahari ya bintiye tutalipwa mikia?" Nikamwambia panya wangu wanakula kwa saa na kulala pasafi, yeye je? Akanyamaza siku hiyo. Kesho yake akaanza tena.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Waliosoma walitengeneza dawa inayoitwa kifuatilishi. Ni dawa yenye mionzi kidogo, ikiingia mwilini inakwenda mahali ilikotumwa, kwenye ubongo au kwenye uvimbe, na mashine kubwa iliyo nje inaona inakotokea ile mionzi na kuchora picha. Mkuu wa Maabara, mama mmoja daktari wa kemia, alinieleza siku ya kwanza akiwa amechuchumaa nami mbele ya matundu. "Mama Neema, dawa ni kama ndama mwenye kengele. Humwoni vichakani, ila unasikia aliko." Nikamwelewa mara moja. Tangu siku hiyo nikampenda bosi wangu, ingawa sikumwambia.

Mionzi tuliipata kwenye chombo kizito kilichofunikwa kwa risasi, madini yaleyale mazito ya rangi ya kijivu, kwa kuwa mionzi haipenyi humo kirahisi. Chombo kiliitwa jenereta, ingawa hakina undugu na ile ya umeme. Kilikuja kwa ndege kutoka nje, kisha kwa gari. Unapitisha maji ya chumvi juu, chini yanatoka yamebeba mionzi, na kesho kimejaza tena. Kazi hiyo waliiita kukamua. Vijana wa maabara walidhani watanichekesha. Niliwaambia nimekamua ng'ombe wa kweli waliopiga teke, hicho chao hata mkia hakina.

Maziwa hayo hayangoji mtu. Ukikamua asubuhi, jua likipinda mchana nusu ya nguvu imekwisha, jioni umebaki na nusu ya nusu. Ndiyo maana Mkuu alikuwa mkali kuhusu kuchelewa, na mimi nikawa mkali kuliko yeye. Panya akipata baridi au akishtuka, dawa inakimbilia kusikotakiwa na picha inaharibika. Kwa hiyo niliwapasha joto, niliwashika kwa kiganja kizima, na sikuruhusu mtu kupiga kelele chumbani kwangu. Mkurugenzi wa kituo mwenyewe aliwahi kuingia akiongea na simu. Nikamwonyesha mlango kwa kidole. Akatoka, akamaliza simu yake uani kwenye jua.

Kutoka kwa panya wakanihamishia kwenye kuosha vyombo vya kioo, kazi ninayoiheshimu hadi leo, maana chembe moja ya sabuni inaua dawa nzima. Kisha, dawa mpya ya ubongo ilipofika hatua ya kujaribiwa kwa watu, Mkuu akaniita.

"Mama Neema, nakupa chumba cha kimya."

"Nikafanye nini humo?"

"Uhakikishe kuna kimya."

Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda, taa hafifu na dirisha dogo la juu lenye pazia jeusi. Mtu aliyejitolea alilazwa humo, akaachwa atulie, kisha akachomwa dawa kupitia mrija mkononi, na mchomaji akatoka mara moja. Kwa dakika chache hizo hatakiwi kuongea, kusoma wala kusikiliza redio. Mkuu alinieleza sababu. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi inaita damu nyingi, na dawa inafuata damu. Ikishafika inanasa palepale, utakachofanya baadaye hakionekani tena. Kwa hiyo picha inaonyesha ubongo ulivyokuwa wakati ule wa sindano.

Mimi nilikaa nje, kwenye kiti, mgongo wangu kwenye mlango. Hakupita mtu.

Sasa sikilizeni kilichokuwa mezani. Mkuu alikuwa ameitengeneza dawa ile kwa miaka, amezeeka nayo. Kamati ya wataalamu ilikuwa inakuja kuangalia picha za watu wazima wenye afya. Wakiona ubongo uliotulia, pande mbili zimelingana, dawa itaruhusiwa kwa wagonjwa, wale wenye kifafa na wale wenye uvimbe kichwani. Wakiona dawa inajikusanya hovyo, basi, imekwisha, inamwagwa. Picha zote zilikuwa nzuri. Ilibaki ya mtu mmoja, Mzee Masima.

Mzee Masima alikuwa mfugaji wa upande wa Mpwapwa, mtu wa makamo ya juu, mpole, amevaa shuka lake jekundu juu ya suruali. Alikuja na mkewe. Tulimweleza kila kitu kwa Kiswahili na mimi nikarudia kwa Kigogo. Asiongee. Akakubali. Akachomwa sindano, akalala, muda ukaisha, akapelekwa kwenye mashine.

Picha ilipotoka, Mkuu aliitazama akakaa chini. Upande wa kushoto, mbele kidogo ya sikio, kulikuwa na doa linawaka, na kulia hakuna mwenzake. Aliniita nione. Kwa macho yangu lilikuwa zuri, kama kaa la moto. Kwake lilikuwa msiba. Ama dawa yake imekosea njia, ama yule mzee ana kitu kichwani asichokijua. Sikuwahi kumwona Mkuu ameshika mdomo wake vile.

Akamfuata mzee, akamsalimu, akamwuliza kwa upole, "Mzee wangu, ulipochomwa sindano ulikuwa unafanya nini?"

"Nimelala."

"Hukuongea?"

"Mlisema nisiongee. Nimekaa kimya kama mlivyosema."

"Hata kidogo?"

"Mwanangu, mimi nikisema kimya ni kimya."

Mkewe alikuwa kwenye benchi, ameshika chupa ya uji. Akageuka. "Kimya gani, baba Chiku? Mbona uliongea na mjomba dirishani?"

Sote tukamwangalia.

"Mjomba gani?" akauliza Mkuu.

"Mjomba wake, kaja na bodaboda kumwona. Kanikuta nimekaa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli. Akauliza yuko wapi, nikamwambia yumo humo ndani. Basi akamsalimu."

Lile dirisha liliachwa wazi nyuma ya pazia kwa sababu ya lile joto la kabla ya mvua. Mimi nilikuwa upande wa pili, na mlango wa chumba kile una bamba la risasi ndani yake. Ukifungwa hata radi huisikii.

Mkuu akamrudia mzee. "Kumbe uliongea, mzee?"

Mzee Masima akakasirika kweli. "Sikuongea! Nimeitikia salamu. Mjomba wangu anasema Mbukwenyi, mimi ninyamaze? Atasema nimekufa au nimemkasirikia?"

"Mlisalimiana nini?"

"Salamu ya kawaida. Ng'ombe wazima? Wazima. Yule mwenye ndama? Yupo. Uwele? Umekubali. Watoto? Wapo. Mvua huko kwenu? Bado. Hiyo ni kuongea?"

Nilimtazama mzee yule nikaona hadanganyi. Kwetu salamu haihesabiwi kuwa mazungumzo. Mazungumzo huanza salamu zikiisha, na zinachukua muda. Nami nilipomtafsiria "usiongee" nilisema neno hilohilo, na yeye akalitii hilohilo.

Mkuu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na machozi yakamtoka. "Mama Neema, lile doa! Pale ndipo penye maneno! Dawa haikukosea njia. Dawa imemwona mzee anaitikia salamu!"

Mzee akauliza, "Kwa hiyo sina uvimbe?"

"Huna, mzee wangu. Una adabu."

Mkewe akamwambia, "Afadhali. Uvimbe tungekuuguza, adabu yako tumeshaizoea." Akammiminia uji.

Kibali chetu kiliruhusu arudiwe. Siku nyingine akaja, dirisha likafungwa, mjomba akawekwa mbali na nyumba akiwa na soda yake. Picha ikatoka imetulia, pande mbili sawasawa kama mbegu iliyopasuliwa katikati. Ndipo Mkuu akasema anataka na ya salamu, siku ya tatu, safari hii kwa makusudi, akiwa yeye mwenyewe ndani anatazama. "Nani atamsalimu?"

Wote wakanigeukia mimi.

Afisa Usalama akaniweka nyuma ya ngao ya risasi, naonekana macho tu. Sindano ikaingia, Mkuu akanipungia mkono, nikaanza. "Mbukwenyi, mzee!" Akaitikia kwa sauti ya kiume. Nikauliza ng'ombe. Nikauliza yule mwenye ndama, na ndama mwenyewe, na baka lake la usoni. Nikauliza uwele, nikauliza kisima. Mkuu akanipa ishara basi, inatosha.

"Mbuzi bado," nikasema.

Afisa Usalama, yule asiyecheka, alilazimika kutoka nje.

Doa likawaka palepale. Kamati ilipokuja, Mkuu aliziweka picha mbili bega kwa bega. Mwenyekiti wao akaiinamia ile ya pili. "Huyu alikuwa anafanya nini?"

"Anaitikia salamu."

Akavua miwani, akacheka kama mtoto. Dawa ikapita. Leo wagonjwa wanapimwa kwayo, na madaktari wanajua sehemu ya maneno iko wapi kabla hawajagusa uvimbe ulio karibu nayo. Nimewaona watu wametoka kwenye upasuaji wanaongea. Nikiwaona nawasalimu makusudi, niwasikie.

Siku ya kuniaga walinirudishia viatu vyangu vya siku ya kwanza, vilisahauliwa kabatini miaka yote hiyo, bado vinang'aa. Mkuu akanipa na zile picha mbili kwenye fremu. Mzee Masima mwenyewe alikubali, akasema nimtundike sebuleni pasipo na moshi. Yupo hapo, juu ya redio.

Wageni huuliza ni nini. Wajukuu zangu ndio hawaulizi tena. Wanaingia na vitu masikioni, wananigunia "shikamoo" huku wanapita, nikiwauliza za shuleni wanasema poa tu. Namshika mmoja mkono, namsimamisha mbele ya ukuta. Naanza na picha iliyotulia: huyu kanyamaza. Kisha hii inayowaka: huyu kaulizwa habari za ng'ombe wake, naye anajibu.

"Umeona?"

"Nimeona, bibi."

"Haya. Toa hivyo vitu masikioni, urudi mlangoni, uingie upya."