Mpagazi wa Goweko

Mtasema mama huyu kazeeka, anasema ovyo. Semeni. Lakini hili halikumpata jirani wala shoga yangu. Limenipata mimi, nikiwa na akili zangu timamu na jua limeshatoka. Nalisema mapema kwa sababu hapa mtaani Ng'ambo, Tabora, watu hawaishi kubisha.

Ilikuwa kabla ya vita vya pili, Mwingereza ndiye mwenye nchi. Dada yangu alikuwa ameolewa na mtu wa reli huko Goweko, nikapanda treni hapa Tabora kwenda kumtembelea. Mnaijua Goweko? Kamji kadogo. Stesheni aliyoijenga Mjerumani, tangi la maji ya injini, nyumba chache za wafanyakazi, basi, kwingine kote miombo. Treni ikishapita hamna la kutazama. Mgongoni nilikuwa na mwanangu Shija. Kwetu Shija ni yule anayezaliwa baada ya mapacha, na mapacha wangu, Kulwa na Doto, nilikuwa nimewazika wote wawili. Nilibaki na huyo tu.

Akashikwa na homa hukohuko. Homa ikakataa kila dawa, mtoto akaacha hata kulia. Dada akasema, "Usingoje, mdogo wangu. Treni ya asubuhi inakuja, mkimbize hospitali Tabora." Nikamfunga mgongoni, nikashika njia ya mkato nyuma ya stesheni. Njia ile ni ya zamani, ndiyo waliyopita wapagazi wa misafara ya pwani kabla reli haijalazwa. Mimi wala sikuwaza hilo. Nani anawaza mambo ya kale na mtoto anaungua mgongoni?

Mbele yangu nikaona mtu amesimama, kaniki kiunoni, njuga miguuni, kichwani mzigo mrefu uliofungwa kwa mkeka. Akanisalimia kwa Kinyamwezi cha kizamani, kisha akasema, "Nitue, mayu." Ndiyo kusema, mama, nisaidie kuushusha.

Haya niambieni, ungefanyaje? Kwetu mtu mwenye mzigo kichwani akikuomba umtue, humwulizi anatoka wapi. Unashika upande mmoja, unashusha naye, na hamwachani mpaka umemtwika tena. Nikamtua. Loo, uzito ule! Akapumua, akaitazama reli. "Vyuma hivi ni vya nani?"

Nikadhani ananitania. "Vya serikali, babu. Nina haraka, nina mgonjwa." Treni ikapiga honi kwa mbali. Nikainama na mtoto wangu mgongoni, nikamtwika, shingo ikanilia.

Ndipo akanyoosha mkono, akamgusa Shija utosini. "Na huyu, akikua, atanitua?"

Mnajua tunavyowajibia watoto wetu. Bibi kizee akimtania mtoto mchanga, "Mume wangu, utanichotea maji?", mama mtu hujibu, "Nitakuchotea, bibi." Ndiyo adabu yetu, ndiyo mzaha wetu. Nami nikajibu huku mguu mmoja uko mbele: "Atakutua, babu. Mzigo wako ataupokea yeye."

"Basi nitamngoja," akasema.

Akaivuka reli. Njuga zikalia, zikalia, zikakatika ghafla. Nikageuka. Njia imenyooka, miti imeachana, mtu hayupo. Na pale tulipoutua ule mzigo majani yalikuwa na umande wake, hata moja halijalala. Niaminini. Halafu nikahisi mgongo umelowa. Shija alikuwa anatoka jasho, amepoa, anatafuta ziwa anyonye. Nilipofika Tabora dresa wa hospitali alimpapasa, akaniuliza nimemleta kwa ajili gani.

Dada alipokuja kunitazama nikamsimulia. Akashika kichwa. Akaniambia zamani zile mpagazi aliyezidiwa njiani aliachwa palepale, msafara unasonga. Wengine walikufa wameegemea mizigo ya watu wasiowajua hata kwa majina. "Hao hawajafika kwao," akasema. "Na wewe umemjibu!"

Nimeyafikiri hayo miaka mingi. Simchukii mpagazi yule. Mtu amechoka kiasi kile, anaomba atuliwe tu, utamchukiaje? Lakini mwanangu nampenda zaidi.

Shija amekua, kifua kipana, na reli ndiyo iliyomwajiri. Katika stesheni zote hizi, wamempanga Goweko. Juzijuzi alikuja likizo, tunakula, akaanza kucheka. "Mama, kule kuna mpagazi mmoja wa ajabu. Namwona asubuhi ng'ambo ya reli na mzigo wake. Mwanzoni alikuwa mbali, siku hizi kasogea. Ananitazama kama ananijua."

Tonge nikalirudisha sahanini. Nikamweleza yote, nikalia, nikamwomba aiache kazi ile. Akanifuta machozi. "Kwani kumtua mtu kuna ubaya gani, mama? Si wewe uliyenifundisha?"

Nikakusanya vyombo.

Basi ninyi wenye watoto wachanga, nisikilizeni. Mtu usiyemjua akiuliza mwanao atamfanyia nini akikua, cheka, nyamaza, pita zako. Usimtolee mtoto ahadi ya kazi usiyoijua.

Shija karudi kazini. Mimi nimeshafunga nguo zangu, keshokutwa napanda treni kwenda Goweko. Nitakaa pale njiani kila asubuhi mpaka mpagazi yule apite, na akisema nitue, mikono ya kwanza kuushika mzigo ule itakuwa yangu.