Mnadhimu na Kura ya Machela

Mimi huuza chai bungeni London, na mnadhimu wa chama tawala, yule anayehakikisha wabunge wa chama wanapiga kura wanavyotakiwa, ninamjua kwa mikono yake. Mkono mmoja humshika mbunge mkaidi kiwiko kama daktari anayetafuta mshipa. Mwingine humsogezea keki. Hafoki kamwe. Huuliza tu, "Mama hajambo? Na ile barabara ya kwenu, bado mnaitaka?" Keki ikiisha, ukaidi nao umekwisha. Siku ya muswada wa kufunga hospitali ndogo, kura moja ilikosekana. Mbunge wa chama hicho, Pargeter, aliyevunjika nyonga, akaletwa kwa ambulensi, maana kwetu mgonjwa akifika tu kwenye ua wa bunge, kura yake huhesabiwa upande wa chama chake, mradi mnadhimu athibitishe kwamba yu hai. Nilikuwa hapo na chai ya mgonjwa. Mnadhimu akachungulia machelani.

"Mzee wangu, upo?"

"Nipo, mshenzi wewe. Na huo muswada wako siupendi."

"Sijauliza kama unaupenda. Nimeuliza kama upo."

Akamfunika blanketi vizuri hadi kidevuni, akakimbilia ndani. Muswada ukapita kwa kura moja.

"Haya, nirudisheni hospitali," akasema Pargeter. Dereva akanitazama. Hospitali yenyewe ilikuwa ya tatu kwenye orodha ya kufungwa.