Gemu Ilivyoniziba Masikio

Chekeni, ila mjue siku ile mimi sikucheka.

Mimi ni dereva wa lori. Pale Tunduma foleni ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, ilikuwa haijasogea tangu asubuhi, nikaingia kibanda cha gemu cha Mama Sekela kununua maji. Mtu mzima na kipara changu, gemu sijawahi kuigusa.

"Jaribu, kaka," Mama Sekela akanikabidhi kidude cha kubonyezea. "Ndege za adui zikija, wewe piga tu."

Nikaangusha moja. Nikaangusha ya pili. Jasho likanitoka, kiu nikaisahau.

Nje honi zikalia. Mtu akachungulia mlangoni: "Foleni imesogea, lakini kuna lori limeziba njia. Dereva hayupo!"

Sikuinua hata macho. "Madereva wa hivyo ndio wanaotuaibisha!" nikafoka, huku nafyatua risasi. "Wanyang'anywe leseni!"

Watazamaji wakaniunga mkono.

Mama Sekela akatazama nje, kisha akanigeukia taratibu.

"Kaka, lile la turubai la kijani si ndilo ulilokuja nalo?"

Kwenye runinga, ndege yangu ikalipuka.