Chaza wa Mzee Bayingana

Mzee Bayingana, mtunza maabara wa shule yetu ya sekondari hapa Kagarama, Kigali, alikuwa na watoto wanne nyumbani na chaza kumi na wanne kabatini. Aliwapenda kina nani zaidi? Mimi mwalimu wa baiolojia najua, ila sitasema.

Chaza hao alikuja nao kutoka Tanga, alikokulia ukimbizini, familia yake iliporudi Rwanda mwaka 1995. Wenzake walifunga magodoro na masufuria. Yeye alipakata chupa za chaza waliolowekwa kwenye spiriti, zawadi ya kuagwa kutoka shule aliyofanyia kazi huko. Kila mwaka aliwatoa mbele ya watoto ambao maji makubwa kuliko yote waliyowahi kuyaona ni Ziwa Muhazi. Alifungua magamba kwa kibano, akawaonyesha matamvua, utumbo, na msuli unaofunga nyumba. Mzee huyu mkali, aliyemkaripia hata mkuu wa shule, hapo sauti yake ililainika kama anabembeleza mtoto.

Mwaka jana shule ikanunua skrini kubwa, na mkuu akatangaza chupa ziondoke. Nilibishana naye mpaka mate yakanikauka. Tukapatana hivi: muhula ukifunguliwa, Bayingana afundishe somo moja mbele yake, na chaza wakionekana bado wanafaa, watabaki. Mzee alikuwa anastaafu muhula huohuo. Hakutaka kuondoka huku nyuma chaza wake wakitupwa jalalani.

Sasa sikilizeni balaa. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, shule ikiwa imefungwa, wazazi walikuja kufanya umuganda, ile kazi ya usafi ya pamoja. Nanyi mnatujua watu wa Kigali, hata jiwe tutaliosha. Nyiransabimana, mpishi wa shule na mzazi pia, aliingia maabara na ndoo, akaona chupa za maji ya manjano yenye harufu kali. Akayamwaga yote. Akawasugua chaza kwa sabuni, akajaza maji safi ya bomba, akafunga vifuniko vizuri kabisa.

Wiki mbili baadaye, mbele ya darasa zima na mkuu, Bayingana alifungua chupa ya kwanza. Uvundo ukatuvamia. Watoto wakaziba pua. Nyama ya chaza ilikuwa imelegea, ikakatikia kwenye kibano. Chupa ya pili vilevile, na ya tatu.

Tukaulizana nani kagusa kabati. Nyiransabimana akaja mwenyewe kutoka jikoni, akasimama mlangoni.

"Muzehe, mbabarira, unisamehe. Niliona maji iko chafu, nikasema watoto wasipate magonjwa. Nikabadirisha tu."

Nilitamani kumrarua. Miaka thelathini ya mtu, kaiosha kwa sabuni! Nikamgeukia Bayingana nikitegemea apasuke. Alikuwa ameinamia chupa, machozi yanamtoka, ananusa. Akanusa tena.

"Mama, ingia, usiogope," akamwambia. Kisha akanitazama. "Mwalimu Umulisa, hii ndiyo harufu ya ufukweni maji yakipwa. Mama yangu alikuwa mkimbizi asiyejua kuogelea, akajifunza kuokota chaza ili tule. Alirudi nyumbani kanga yake yote inanuka hivi. Nilikuwa nimeisahau. Spiriti haikuwahi kunipa harufu hii hata siku moja."

Akajifuta uso, na ukali wake ukarudi.

"Nyinyi, toeni mikono puani! Njooni mmoja mmoja. Skrini haitawapa hii."

Wakaja kwa mstari, wakainama, wakanusa. Mkuu wa shule alikuwa wa mwisho.

Jioni tukawazika chaza nyuma ya maabara. Nyiransabimana ndiye aliyechimba shimo. Bayingana alichukua chupa moja tupu kwenda nayo nyumbani, na hakukubali mtu yeyote aisuuze.