Nyuki wa Kutumwa

Nilipokuwa mtoto kule Kadutu, neno nyigu nililisikia kwa bibi yangu tu. Kwa wengine wote, kila mdudu mwenye mabawa na mwiba alikuwa nyuki, na hilo halikumdhuru mtu mpaka jirani yetu, Maman Furaha, alipoibiwa cherehani.

Cherehani ile ndiyo iliyolisha nyumba yake. Ilipopotea hakulia. Alipita mlango kwa mlango akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba anakwenda Luvungi kwa mzee anayetuma nyuki kumtafuta mwizi.

"Mwenye iko nayo airudishe mbele sijapanda gari," alisema. "Nyuki hazikosake njia."

Hakuna aliyerudisha. Alikwenda, akarudi, na avenue nzima, mtaa wetu wote, ikaanza kutembea ikitazama juu.

Nyuma ya nyumba yetu alipanga mwanamke mmoja, Nabintu, aliyefua nguo za watu. Juu ya mlango wake, chini ya bati, wadudu wembamba wenye kiuno kama uzi walikuwa wamejenga kitu cha kijivu, kama karatasi iliyolowa ikakauka. Kilikuwepo kabla cherehani haijapotea. Asubuhi moja alipokuwa akiinua kamba ya nguo kwa ufito, ncha ikakigusa. Wakamvamia usoni.

Watu walifika akiwa bado anapiga kelele. Mmoja akasema, "Zimefika."

Koko, ndivyo tulivyomwita bibi, alimkalisha Nabintu juu ya beseni lililopinduliwa, akampapasa uso polepole kwa ukucha.

"Hizi hapana nyuki," akawaambia. "Ni nyigu. Nyuki inaachaka mwiba mu nyama ya mutu, na yenyewe inakufa. Nyigu inauma na inaenda na mwiba yake. Mukuje muangalie. Mwiba haiko hata moja."

"Njo vile, ni vile kabisa," Maman Furaha akajibu. "Nyuki ya kutumwa itaacha mwiba ya nini? Ile hapana mududu, Koko. Ile ni kazi ya mutu."

Wote wakaitikia. Koko alikuwa amewaletea ushahidi wa kumwokoa Nabintu, na ushahidi huohuo ndio uliomzamisha. Walipekua chumba chake, wakakuta sabuni na nguo za watu. Basi ameshauza, wakasema.

Nabintu aliondoka siku ileile. Macho yake yalikuwa yamefungika kwa uvimbe, kwa hiyo Koko alimshika mkono kwenye ngazi za udongo mpaka barabarani, kama kipofu. Aliporudi alikaa jikoni bila kuvua kitambaa cha kichwa.

"Kuanzia leo," akamwambia Mama, "mutu ataumwa hapa na atanyamaza. Utaona."

Mama alikuwa binti yake wa kuzaa, lakini aliendelea kuchochea moto.

Mvua zilipoanza, nyuki wa kweli walikuja kwetu. Walining'inia mchana kwenye nguzo ya nyumba, kundi zima limeshikana kama ndevu za mzee, hudhurungi, bila fujo. Koko alisimama karibu nao kuliko nilivyotaka.

"Hizi njo nyuki," alisema. "Ziko mu safari. Hazina nyumba, hazina hasira. Tuite mutu wa moshi leo, azitie mu kikapu. Zikiingia mu mbao zitakuwa na kitu ya kulinda."

"Ukiita mutu mumoja, umeita avenue," Mama alisema. "Batasema cherehani iko kwetu. Unataka tulale wapi?"

Papa, baba yetu, alikuwa akifanya kazi Kamanyola na alikuja mara chache. Uamuzi ulikuwa wa Mama. Alitundika shuka mbele ya nguzo, akafunga mlango. Kufikia jioni nyuki walikuwa wameingia ukutani. Ukuta wetu ulikuwa mbao kwa nje na maboksi yaliyofunguliwa kwa ndani, na katikati palikuwa na nafasi ya kutosha. Kitanda changu na cha mdogo wangu Espoir kiliegemea hapo. Ukiweka kiganja, boksi lilikuwa na joto kama ubavu wa mnyama, na lilinguruma.

"Mutu akiuliza, ni radio," Mama alituambia.

"Radio gani haina betri?" Espoir akauliza.

Mama hakucheka.

Tuliishi hivyo, tukitembea kwa vidole, mpaka siku Espoir alipoupiga ukuta ule kwa mpira wake wa matambara. Boksi likapasuka. Waliotoka hawakuwa wengi, lakini walimwangukia Espoir shingoni. Mama alimfunika kwa kitenge, akamtoa nje, akashika njia ya nyuma isiyopita kwa watu. Mimi na Koko tulifuata. Akiwa anatembea Mama alikuwa akikwangua shingo ya Espoir kwa ukucha, anatoa miiba mmoja baada ya mwingine mpaka ngozi ikabaki safi. Nilidhani anamtibu.

Kwenye kituo cha afya midomo ya Espoir ilikuwa imefura, na pumzi yake ilitoa mluzi. Benchi lilijaa watu wa mtaa wetu.

"Amefanya nini?" muuguzi akauliza.

"Amekula muhogo mubaya," Mama akasema.

Muuguzi alimtazama mdomoni, akageuka kutayarisha kitu cha kumtapisha. Ndipo Koko alipozungumza, kwa sauti ya mtu anayeita sokoni.

"Nyuki. Nyuki zimemuuma. Ziko mu ukuta ya nyumba yetu tangu mvua ianze."

Benchi lote likageuka kututazama. Muuguzi aliacha kikombe, akakimbilia sindano.

"Mama, umetuua," Mama alisema, taratibu.

"Mutoto apumue kwanza," Koko akajibu.

Espoir alipona. Jioni ile watu walisimama mbele ya nyumba yetu, wengi kuliko waliokuja kwa Nabintu, na kabla ya giza tulikuwa tumebeba magodoro kwenda kwa shangazi aliyekaa Bagira. Cherehani sijasikia kama ilipatikana.

Sasa nina watoto wangu. Nimewalea katika nyumba za kupanga, najua kufukuzwa ni nini, kwa hiyo simcheki Mama kwa woga wake. Alichokuwa akiogopa kilitokea kweli, kama alivyosema. Siogopi nyuki. Kinachonirudia ni benchi lile: Mama amekaa, mtoto mapajani, anaisikia pumzi ile ikizidi kuwa nyembamba, na bado alikuwa tayari kungoja bila kutaja nyuki. Na alikuwa mama mzuri.